Mgeni wa Siku Tatu na Dhambi ya Mwenyeji

Ndugu msomaji, hapa Mwanza hata nyumba ya vyumba viwili haikosi mgeni. Anayetoka Ukerewe, Sengerema, Geita au Bukoba, awe na rufaa ya Bugando au anatafuta kazi, hafikii hotelini. Hufikia kwa nduguye Igogo, Mabatini au Kirumba. Hilo ni jema, na Mtume (s.a.w.) amelifungamanisha na imani: anayemuamini Allah na Siku ya Mwisho amkirimu mgeni wake.

Tatizo huanza wiki ya tatu. Watoto bado wanalala chini sebuleni, unga unaisha kabla ya mwisho wa mwezi, na mgeni hajasema ataondoka lini. Katika darsa ninalosomesha akina mama, swali hili hurudi mara kwa mara: "Ustadh, tumwambieje bila kukata undugu?" Wengi hawamwambii kitu. Badala yake sufuria zinagongwa jikoni, khanga za mafumbo zinavaliwa, na usiku mume na mke wanamteta mgeni chumbani. Hayo ndiyo tunayoyaita heshima!

Tuirejee hadithi yenyewe. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Shuraih (r.a.) kwamba takrima maalumu ya mgeni ni mchana na usiku wake, ugeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Kisha mgeni amekatazwa kukaa mpaka amtie mwenyeji katika dhiki. Katika mapokezi mengine ya Muslim imekuja: mpaka amtie katika dhambi. Maswahaba wakauliza itakuwaje, wakajibiwa kuwa atakaa kwake ilhali mwenyeji hana cha kumkirimu. Imam Nawawi, akiisherehesha, ameeleza kuwa mwenyeji huenda akamsengenya mgeni huyo au akamdhania vibaya. Basi yale maneno ya chumbani ndiyo dhambi yenyewe. Kunyamaza mbele ya mgeni hakujatuokoa.

Atasema mtu, "Naona haya." Mtume (s.a.w.) naye aliona haya. Katika walima ya ndoa yake na Bibi Zainab bint Jahsh (r.a.), watu walikula, kisha baadhi wakabaki wakizungumza. Alitoka, akarudi, akawakuta bado wamekaa. Ndipo ikashuka aya ya 53 ya Surat Al-Ahzab, ikiwafunza waumini kutawanyika wakishakula, na kwamba Allah haoni haya kusema kweli.

Tufanye nini basi? Kwanza, muulize mgeni siku ya kwanza, kwa uso mkunjufu, safari yake ni ya siku ngapi. Swali hilo siku ya kwanza ni kumjali. Siku ya ishirini ni kumfukuza. Pili, mume aseme na ndugu zake na mke aseme na ndugu zake, faraghani, bila kumtwisha mwenzake lawama. Tatu, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962. Jembe la mjini ni kuchota maji, kwenda sokoni, au kuchangia unga akishapata kibarua. Nne, ukimuaga mpe nauli au zawadi, hata dagaa wa kupeleka nyumbani.

Tusichanganye mambo. Mgonjwa anayesubiri kliniki hahesabiwi siku. Huyo ni sadaka yako, na akiwa ndugu unapata na thawabu ya kuunga udugu. Na kaka wa mume kubaki peke yake na shemeji yake, mume akiwa kazini, ni jambo lisilosubiri hata siku moja, kwani Mtume (s.a.w.) amelifananisha na mauti.

Nawe utakayesafiri kesho, mwambie mwenyeji wako siku ya kuondoka kabla hujaulizwa. Utakuwa umemkinga nduguyo na dhambi.

Wabillahi tawfiq.