SOMO LETU: MCHEZO WA KUCHEKESHA NA MSHAHARA WA ANAYECHEKESHA



Jioni katika kambi za mashamba na katika kantini za viwanda, televisheni ikiwashwa watu husogeza mabao wakaangalia mchezo wa kuchekesha. Mnaujua ule mchezo wa nusu saa: sebule ileile, kochi lilelile, watu walewale na jirani yuleyule anayeingia bila kubisha hodi. Tunacheka, halafu tunakwenda kulala maana king'ora hakingoji mtu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba yule anayetuchekesha naye yuko kazini. Ana mwajiri, ana mkataba, na mara nyingi ana ugomvi wa mshahara kama sisi. Somo la safari hii ni juu ya kazi hiyo, hasa huko Marekani, ambako biashara ya michezo hii ni kubwa na mishahara ya wakubwa wake huandikwa magazetini.

Kwanza tujue biashara yenyewe inavyokwenda, kwa maana hakuna mtu awezaye kudai sehemu ya faida ikiwa hajui faida inatoka mlango gani. Studio ndiyo inayotengeneza mchezo. Shirika la televisheni hulipa ada ya kuuonyesha, na ada hiyo kwa kawaida ni ndogo kuliko gharama za kuutengeneza. Maana yake studio huanza kwa hasara. Kwa nini ikubali? Kwa sababu mchezo unabaki mali yake. Ukipendwa ukadumu miaka minne au mitano, ukafikisha sehemu kama 100, studio huuza haki ya kuurudia kwa vituo vingine vingi. Vituo hivyo huonyesha sehemu moja kila siku ya kazi, na sehemu 100 zinawatosha wiki 20 bila kurudia hata moja. Hapo fedha huingia bila kuwasha taa, bila kumwita seremala wala kumlipa mwandishi aandike neno jipya. Mwenzetu wa mashamba ataelewa upesi: mti wa chai hupandwa mara moja, ukachumwa miaka mingi.

Ndiyo sababu mchezo wa kuchekesha una thamani kuliko michezo mingine mingi. Kila sehemu inajimaliza yenyewe, kwa hiyo aliyekuwa zamu ya usiku wiki nzima hajapotea njia. Mambo yake ni ya nyumbani: kodi ya nyumba, mkubwa wa kazi mwenye kiburi, mama mkwe, ndugu aliyekuja kutembea akakataa kuondoka. Mambo hayo hayachakai. Upo mchezo ulioitwa M*A*S*H, wa madaktari wa jeshi katika vita vya Korea. Vita vyenyewe vilikuwa vya miaka mitatu, 1950 hadi 1953. Mchezo ulidumu miaka 11, kuanzia 1972 hadi 1983, sehemu 251, na siku ya mwisho Wamarekani zaidi ya milioni 100 walikaa kuuangalia. Vichekesho vilivishinda vita kwa umri.

Wa kwanza kuiona faida ya marudio walikuwa mke na mume, Lucille Ball na Desi Arnaz, katika mchezo wa I Love Lucy ulioanza katika shirika la CBS mwaka 1951. Wakati ule michezo mingi ilirushwa moja kwa moja, ikiisha imeisha. Hawa wawili walitaka kuirekodi kwenye filamu, kazi yenye gharama zaidi. Mwajiri akanung'unika. Wao wakasema: sawa, tupunguzieni mshahara, lakini filamu zenyewe ziwe mali ya kampuni yetu. Mwajiri akakubali, akidhani amewapata wajinga. Kabla ya miaka ya 1950 kwisha, shirika lilelile lilizinunua filamu hizo kutoka kwao kwa mamilioni ya dola.

Lakini mke na mume hao walikuwa na kampuni yao. Mwigizaji wa kawaida hana. Yeye alilipwa siku aliyofanya kazi, halafu uso wake ukaendelea kufanya kazi miaka na miaka bila malipo. Hapa ndipo chama kilipoingia. Chama cha Waigizaji wa Filamu cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1933, kilipata mkataba wa kwanza wa malipo ya marudio ya televisheni mwaka 1952. Mwaka 1960 waigizaji waligoma, kuanzia Machi hadi Aprili, ili filamu za sinema zinazouzwa kwa televisheni nazo zilipiwe. Katika mgomo huo walipata pia mwanzo wa mfuko wa pensheni na matibabu. Hata hivyo malipo ya marudio ya televisheni yalikuwa na mwisho: ukishaonyeshwa mara kadhaa, basi. Mchezo wa Gilligan's Island ulitengenezwa sehemu 98 tu, 1964 hadi 1967, ukarudiwa miaka mingi sana duniani, na waigizaji wake walikuwa chini ya mikataba ya aina hiyo, iliyolipa marudio machache ya kwanza peke yake. Mwaka 1974 ndipo chama kilipofuta ule mwisho, malipo yakawa kila mchezo unaporudiwa. Lakini kwa waliotia sahihi zamani, maji yalikuwa yameshamwagika. Nawaomba mkiangalia mkataba wenu mtazame sana vifungu vyenye maneno kama "kwa muda wa" na "isizidi". Mara nyingi fedha ya mfanyakazi huzikwa hapo.

Sasa nataka tukae kidogo juu ya visa viwili.

Cha kwanza ni cha mama mmoja, Suzanne Somers. Alikuwa katika mchezo wa Three's Company wa shirika la ABC, ulioanza mwaka 1977: wanawake wawili na mwanamume mmoja wanaishi nyumba moja kwa sababu ya kodi. Mchezo ulipendwa mno. Mwaka 1980 mama huyu alikuwa akilipwa dola 30,000 kwa kila sehemu, na mwenzake wa kiume, John Ritter, alikuwa akilipwa zaidi yake sana. Akadai dola 150,000, awe sawa na mwanamume huyo, pamoja na fungu la faida. Dai lake lilikuwa la haki. Mpaka leo sijasikia hoja ya kunishawishi kwamba halikuwa. Lakini alikwenda peke yake. Wenzake wawili hawakuwa pamoja naye mezani. Mwajiri alikataa, halafu akafanya jambo ambalo kila mwakilishi wa wafanyakazi angelitambua: hakumfukuza siku ileile. Alimtenga. Akawa anarekodiwa peke yake, dakika moja hivi mwishoni mwa mchezo, anaongea kwa simu na wenzake kana kwamba yuko safarini. Mkataba ulipokwisha mwaka 1981 haukuongezwa, akawekwa mwingine. Mchezo uliendelea mpaka 1984. Urafiki wa wale watatu ulivunjika, na yeye na mwigizaji mwenzake wa kike, Joyce DeWitt, hawakupatana hadharani mpaka mwaka 2012.

Kisa cha pili ni cha mchezo wa Friends, ulioanza katika shirika la NBC Septemba 1994. Waigizaji wakuu walikuwa sita: wanawake watatu, Jennifer Aniston, Courteney Cox na Lisa Kudrow; na wanaume watatu, Matt LeBlanc, Matthew Perry na David Schwimmer. Mwaka wa kwanza walilipwa kama dola 22,500 kila mmoja kwa kila sehemu. Mwaka wa pili mishahara ikaachana. Kisa cha mapenzi cha Schwimmer na Aniston ndicho watu walichokifuata, kwa hiyo hao wawili walikuwa juu ya wengine.

Nasimama hapa kidogo. Katika kiwanda kimoja nilichofanya kazi ujanani, mafundi wawili wa boila waliitwa ofisini mmoja mmoja, wakaongezwa mshahara kimyakimya na kuambiwa wasimwambie mtu. Mwezi uliofuata tulipotaka kudai nyongeza ya idara nzima, wale wawili hawakufika mkutanoni. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamekwisha kununuliwa kwa bei ndogo kuliko ile ambayo tungeipata pamoja, na waliijua baadaye.

Basi turudi kwa wale sita. Schwimmer, ambaye angeweza kudai mengi zaidi kwa ajili yake mwenyewe, ndiye aliyewaambia wenzake waende pamoja. Mwaka 1996 walikwenda kwa mwajiri, studio ya Warner Bros., na sharti moja: sita tunalipwa sawa, au sita hatuji. Walidai dola 100,000 kwa sehemu. Walipata 75,000 za kuanzia, zikipanda kila mwaka mpaka 125,000. Mwaka 2000 walipata 750,000 na fungu katika faida ya marudio. Misimu miwili ya mwisho, iliyomalizika Mei 2004 baada ya sehemu 236, kila mmoja alipokea dola 1,000,000 kwa sehemu moja. Fanyeni hesabu: ni zaidi ya mara 44 ya mshahara wa kwanza, katika miaka 10. Na mtazame tena lile fungu la faida. Mwaka 1997, katika mchezo wa Seinfeld, waigizaji watatu waliomsaidia mwenye mchezo nao walikwenda pamoja wakapata karibu dola 600,000 kila mmoja kwa sehemu. Mshahara mnono, lakini fungu katika mali yenyewe hawakulipata, na mchezo ule ukaja kuuzwa na kurudiwa kwa fedha nyingi ajabu.

Nilipolisoma somo hili katika darasa la tawi moja, mama mmoja mchuma chai alinyosha mkono akasema, "Ndugu mwalimu, hao ni matajiri. Mimi nikikataa kuchuma, kesho asubuhi langoni wako watu ishirini wanaokitaka kikapu changu." Darasa likanyamaza. Alisema kweli, na sikutaka kumdanganya. Wale sita waliweza kwa sababu watazamaji walizitaka nyuso zile, si nyingine. Langoni hapakuwa na mtu wa kuchukua nafasi zao. Kwetu wapo. Kwa hiyo kulipana sawa wenyewe kwa wenyewe hakutoshi kwetu mpaka wale ishirini wa langoni, vibarua wa siku, nao wawe na kadi ya chama. Hiyo ni kazi ngumu kuliko ya Schwimmer, nami siwezi kusema tumeimaliza. Na huko Marekani kwenyewe, seremala aliyepiga misumari ile sebule na fundi wa taa hawakupata milioni. Wao wana chama chao na viwango vyao.

Lakini lipo jambo jingine nililomwambia mama yule. Mwaka 2017, katika mchezo wa The Big Bang Theory, waigizaji watano wa mwanzo waliokuwa wakipata karibu dola 1,000,000 kwa sehemu walikubali kupunguziwa 100,000 kila mmoja, ili wenzao wawili wa kike waliojiunga baadaye, Mayim Bialik na Melissa Rauch, waongezwe. Mama akafikiri, akasema, "Hapo sasa." Mimi mwenyewe najiuliza ni wangapi katika kamati zetu wangekubali jambo hilo.

Msidhani kwamba mambo yamekwisha. Sasa michezo mingi huonyeshwa kwa njia ya intaneti, mtazamaji akalipa kwa mwezi na kuangalia anachotaka. Njia hiyo ilivuruga malipo ya marudio, kwa sababu mchezo haurudiwi tena. Umekaa pale tu, usiku na mchana. Tena msimu uliokuwa na sehemu 22 au 24 umekuwa na sehemu 8 au 10, maana yake wiki za kazi zimepungua nusu na zaidi. Waigizaji walionyesha hundi za marudio zisizofika hata dola moja. Mwaka 2023 waandishi waligoma siku 148, kuanzia Mei hadi Septemba, na waigizaji siku 118, kuanzia Julai hadi Novemba. Walipata nyongeza kwa michezo inayopendwa sana katika intaneti, na sharti kwamba sura au sauti ya mtu haitatengenezwa kwa kompyuta bila ridhaa yake na malipo. Watu wanaogoma ili nyuso zao zisifanye kazi bila wao! Wazee wetu wangesema ni hadithi za majini.

Na huku kwetu Afrika Mashariki? Kenya walikuwa na Vitimbi, na Mzee Ojwang', ambaye jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau. Alichekesha nchi na majirani zake kwa miaka mingi. Uzeeni alipougua macho, wananchi walichanga fedha ili atibiwe. Alifariki Julai 2015. Upendo wa watu aliupata tele, na michango ile ni sifa kwa waliochanga. Ila mchango hutegemea moyo wa mtu siku ile. Mfuko wa matibabu ulioandikwa katika mkataba haumuulizi mtu kama leo ana moyo.

KAZI YA DARASA. Kila tawi likutane kabla ya toleo lijalo. Mwenye nakala ya mkataba wa mapatano aje nayo. Kama tawi halina nakala, hilo ndilo liwe jambo la kwanza la kumwandikia katibu. Msome kwa sauti kifungu cha mishahara, kisha mjibu: ni kazi gani mbili zinazofanana hapa kwetu ambazo zinalipwa tofauti, na tofauti hiyo ilianza lini? Halafu mjadili kisa cha Suzanne Somers. Mngekuwa nyinyi wale wenzake wawili mwaka 1980, nanyi mna watoto na mishahara yenu haijaguswa, mngefanyaje? Msijibu upesi. Andikeni hata majibu ya wasiokubaliana, myatume pamoja.