Katika wasifu wa mume wangu, mimi ni ‘mjane mmoja’

Shangazi,

Mume wangu, wakili mstaafu, alifariki mwaka jana. Mwezi ujao tuna misa ya kumbukumbu hapa Bukoba na watoto wameandaa kijitabu. Mwanangu mkubwa, naye ni wakili, ndiye ameandika wasifu: shule, chuo cha Mlimani, mwaka alioapishwa, kesi alizoshinda, kamati alizokaa. Mimi nimewekwa mwishoni: “Ameacha mjane mmoja, watoto 5 na wajukuu 11.” Niliomba waongeze kwamba msimu wa senene babu yao alikuwa anakaa jikoni na wajukuu akinyonyoa mabawa, kazi ambayo kwa mila yetu Wahaya ni ya wanawake na watoto. Mwanangu akasema, “Mama, hayo ya jikoni hayafai kusomwa mbele ya majaji.” Nimenyamaza, ila usiku sipati usingizi. Tena chumbani kuna masanduku mawili ya mafaili ya wateja wake. Watoto wanataka kuyachoma moto. Je, nakosea?

Mama wa Kashai, Bukoba

Mama, shikamoo, na pole sana. Najua watu wengi waliacha kukupa pole baada ya arobaini.

Hukosei hata kidogo. Na kwa kuwa mwanao ni mwanasheria, naomba umsomee majibu haya, maana nitatumia sheria zake.

Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja. Jambo la kuonekana lisemwe na aliyeliona. La kusikika, na aliyelisikia. Sasa nani alimwona marehemu akirudi nyumbani jioni kesi ikiwa imemwendea vibaya? Nani alimsikia akiongea peke yake usiku, akijaribu maneno ya kusema kesho yake mbele ya jaji? Mwanao ana vyeti, navyo ni vielelezo vizuri. Ila shahidi ni wewe.

Halafu hayo ya jikoni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali ambazo wanandoa walizichuma kwa juhudi za pamoja, pale wanapotengana au ndoa inapovunjika. Ukazuka ubishi mrefu: mke ambaye hakuwa na mshahara, aliyeshinda akipika, akifua na kulea, juhudi yake ni ipi? Majaji wa Mahakama Kuu wakapingana wao kwa wao. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Francis Nyalali akiwa Jaji Mkuu, ikaamua kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Yule mama aliyekata rufaa hakupata alichodai, jambo ambalo hadi leo linaniuma, lakini msingi alioupigania ulibaki na umewafaa wanawake wengi baada yake. Mwanao aliisoma kesi hiyo chuoni. Mwulize: kama mahakama ya juu kabisa nchini iliingia jikoni ikatambua kazi inayofanyika humo, ni jaji gani atakayeona aibu kusikia kuwa mwanasheria mwenzake alinyonyoa senene na wajukuu?

Hata hivyo, Mama, usidhani mwanao ana kiburi. Kijana aliyefuata kazi ya baba yake amefiwa mara mbili, na baba na mwalimu. Mwaka wa kuapishwa anaweza kuusoma kanisani sauti isitetemeke. Senene watamliza mbele za watu, na nadhani hilo ndilo analoliogopa. Mwambie hutamcheka akilia.

Baba yangu alikuwa karani wa posta. Wasifu wake tuliusoma kwa fahari, pamoja na tarehe aliyopandishwa cheo, tarehe ambayo leo siikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba akifika mlangoni alikuwa anakohoa mara mbili kabla ya kuingia, ili kama tunagombana tumalize kabla hajatukuta. Hakuna aliyeliandika hilo. Wadogo zangu wawili wa mwisho hawalikumbuki kabisa, na sina mahali pa kuwaonyesha. Wajukuu zako walio wadogo wana mwaka mmoja au miwili tu kabla mikono ya babu yao haijawatoka akilini.

Kuhusu mafaili: yasichomwe. Yaliyomo si mali ya marehemu wala ya familia. Humo kunaweza kuwa na hati ya kiwanja cha mtu, au wosia wa mzee ambaye bado yu hai na anaamini uko mahali salama. Kazi hiyo ni ya mwanao, maana yeye anaijua miiko ya uwakili: ayapange, awapigie wateja waje wachukue nyaraka zao, na akikwama aulize TLS, chama chao cha mawakili. Wajukuu wasiyafungue hata kwa mapenzi ya mwandiko wa babu. Zile ni siri za watu. Joho, kalamu na miwani ni vyenu, hivyo gawaneni.

Wasifu wa mwanao usiuguse, kwa sababu nao ni wa kweli na ameutolea jasho. Dai ukurasa mmoja baada yake. Mwite mjukuu mwenye mwandiko mzuri, umsimulie, naye aandike kama unavyotamka, hata Kihaya kikiingia katikati. Anza na senene. Ukurasa huo usomwe na wewe mwenyewe siku ya misa, au na mjukuu huyo ukishindwa.

Na pale palipoandikwa “mjane mmoja”, pafutwe, liandikwe jina lako.