Dondoo muhimu: Kupanga safari kwa jua la Homa Bay na Migori

Huku jua huchomoza na kutua yapata dakika 20 baada ya Mombasa, kwa kuwa tuko magharibi zaidi. Mwanzoni mwa Novemba huchomoza karibu saa 12:22 asubuhi na kutua saa 12:30 jioni. Katikati ya Februari ni kama saa 12:52 asubuhi na saa 1:00 usiku. Urefu wa mchana haubadiliki sana, lakini tofauti hiyo ya nusu saa yatosha kuvuruga ratiba.

Ukipanda kilima cha Got Asego jioni, anza kushuka jua likiwa bado juu. Likishazama, mwanga wa kuonea njia hudumu dakika 20 hivi tu. Beba tochi hata ukidhani hutaihitaji. Swala aina ya korongo wa Mbuga ya Ruma watafute asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali. Ufuoni mwa Ziwa Victoria, iwe Mbita au Karungu, ondoka kwenye nyasi za ukingoni kabla ya giza: viboko hutoka majini saa hizo kwenda malishoni. Msimu wa masika, mawingu mazito huleta giza mapema zaidi, basi panga kumaliza nusu saa kabla ya jua kutua.