Chuo Kikifungwa: Namna ya Kutunza Akili Ukiwa Nyumbani

Tangazo hutoka ghafla. Kenya, mwaka 2020, korona ilipoingia, Rais Uhuru Kenyatta alizungumza Jumapili ya tarehe 15 Machi, na vyuo vikatakiwa viwe vimefungwa kufikia Ijumaa ya tarehe 20. Wiki iliyofuata ikaja kafyu, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Komredi wa chuo aliyezoea kujipangia siku yake akajikuta analala chumba kimoja na wadogo zake. Kuvikabili virusi, una barakoa na sabuni. Akili kuvurugika ukiwa kwenu kunataka mbinu nyingine.

Anza na wazazi. Mama akikuona umeinamia simu, kwake unacheza tu. Hajui kwamba darasa limo humo. Usingoje mgombane. Jioni moja, watu wameshakula, mwambie: "Mama, nina masomo Jumanne na Alhamisi, saa tatu mpaka saa sita. Baada ya hapo nitume popote." Kisha andika ratiba kwenye karatasi na uibandike ukutani. Makubaliano ya mdomo hayafiki Ijumaa.

Timiza upande wako. Ulisema utateka maji saa saba, basi saa saba ushike mtungi. Mzazi akikuona mkweli, atawanyamazisha wadogo zako bila kuombwa. Tena kupalilia, kufua na kupika huipa akili mapumziko ambayo kitanda hakitoi.

Kama nyumbani kuna kipigo au unanyanyaswa, ratiba haitasaidia. Tafuta ndugu wa kukaa naye. Kenya kuna simu ya bure, 1195, kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia.

Amka saa ile ile kila siku, hata siku isiyo na lekcha. Oga, vaa nguo za kutokea, toka nje upate jua kabla hujashika simu. Ukilala saa kumi alfajiri na kuamka saa nane mchana, siku hiyo imekwisha, na lawama utazipata bure.

Hapa kuna mtego: bando la usiku. Ni la bei nafuu, ndiyo maana wanafunzi wengi hukesha. Litumie kupakua. Shusha lekcha zilizorekodiwa na noti za wiki nzima kwa mkupuo mmoja, zima data, lala. Kutazama ni kazi ya mchana.

Habari za ugonjwa, mara moja kwa siku inatosha. Mwaka 2020 Wizara ya Afya ya Kenya ilikuwa ikisoma takwimu karibu kila alasiri. Aliyesikiliza hapo alikuwa hajapitwa na kitu. Sauti zinazosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp, za "daktari" asiye na jina, zifute bila kuzisikiliza. Grupu lisilokoma kutisha, linyamazishe.

Usiifunge roho yako kwenye tarehe ya kufunguliwa. Julai 2020 Waziri wa Elimu wa Kenya, George Magoha, alisema shule za msingi na sekondari zingefunguliwa Januari 2021. Lakini Oktoba ya mwaka huo huo, baadhi ya madarasa yakarudi. Tanzania vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni 2020, ilhali Uganda kuna watoto wa shule waliokaa nyumbani hadi Januari 2022. Hakuna wa kukuhakikishia. Panga wiki moja moja: sura hii niisome, zoezi lile nilitume, basi.

Marafiki mia wa mtandaoni hawakufai sana wakati huu. Chagua wawili au watatu, uwapigie simu usikie sauti zao. Usiulize "uko poa?" maana jibu ni lile lile, poa. Uliza: "Umekula nini leo? Jana ulilala saa ngapi?" Hapo ndipo mtu hufunguka. Mnaweza pia kusoma pamoja: mpigiane, kila mtu na noti zake, mfanye swali moja moja.

Kubeti na mikopo ya programu za simu, acha kabisa. Upweke ukichanganyika na deni, usingizi huisha.

Masomo yakikuzidi, usipotee kimya. Mwandikie mhadhiri au ofisi ya mkuu wa wanafunzi mapema, eleza hali, uliza utaratibu wa kuahirisha mtihani. Maombi kabla ya mtihani husikilizwa zaidi kuliko visingizio baada yake.

Sasa hili usilipuuze. Huzuni ya siku mbili ni ya kawaida. Lakini ikipita wiki mbili hulali au unalala mno, chakula hakipiti, unalia bila sababu, huna hamu hata ya vitu ulivyovipenda, unahitaji msaada wa kitaalamu. Nenda kituo cha afya au mtafute mshauri nasaha wa chuo, wengine huhudumia kwa simu. Na ukianza kuwaza kujidhuru, usikae peke yako hata saa moja. Mwamshe mtu, hata kama ni usiku wa manane, umwambie waziwazi.

Kenya, Shirika la Msalaba Mwekundu hutoa ushauri nasaha bila malipo kwa namba 1199. Iandike kwenye simu yako leo, halafu mtumie na yule rafiki aliyenyamaza tangu wiki jana.