Je, Bangi ni Halali Marekani? Somo Kutoka Jimbo la Colorado

Katika toleo hili nimeomba nafasi nieleze jambo ambalo husemwa sana katika matatu, kwenye vinyozi na hata nyuma ya maabara yetu. Husemwa hivi: "Si hata Marekani bangi ni halali siku hizi?" Anayesema hivyo huwa amemaliza, hangoji jibu. Mimi nina shangazi anayeishi Aurora, mji ulio jirani na Denver katika jimbo la Colorado. Kwa kuwa bado si raia wa huko, swali hilo nyumbani kwake si la mchezo. Ndiyo maana nimelisoma kwa makini.

Kwanza tuelewane kuhusu jimbo. Jimbo la Marekani si kama kaunti zetu. Kaunti ina gavana na bunge lake, lakini haina katiba yake. Colorado ina katiba yake, bunge lake na mahakama yake ya juu, na wananchi wanaweza kuibadilisha katiba hiyo kwa kura. Juu ya hayo yote kuna serikali kuu ya Washington, nayo ina sheria zake. Kwa hivyo mtu aliyesimama Denver yuko chini ya sheria mbili kwa wakati mmoja, na kwa habari ya bangi sheria hizo mbili haziivani kabisa. Mwaka 1970 serikali kuu iliiweka bangi katika orodha ya kwanza ya dawa zinazodhibitiwa, pamoja na heroini. Maana ya orodha ya kwanza ni kwamba, machoni pa serikali hiyo, kitu hicho hakina kazi ya tiba inayokubalika. Colorado haikuifuta sheria hiyo, wala haina uwezo wa kuifuta. Ilichosema ni kwamba polisi wake na mahakimu wake hawatamwadhibu mtu aliyefuata masharti ya jimbo.

Masharti yenyewe yana milango miwili, na hapa ndipo watu huchanganya mambo. Kuna bangi ya tiba na kuna bangi ya starehe.

Mlango wa tiba ulifunguliwa Novemba 2000, wapiga kura walipopitisha Marekebisho ya 20 ya katiba ya jimbo. Huo ni wa wagonjwa wenye maradhi yaliyotajwa, mathalani saratani, UKIMWI, ugonjwa wa presha ya macho, kifafa, maumivu makali na kichefuchefu kikali. Lakini hebu tazama jinsi unavyofanya kazi. Daktari haandiki cheti cha dawa kama cha malaria, kwani sheria ya serikali kuu haimruhusu. Yeye huandika tu kwamba mgonjwa huyu ana ugonjwa fulani na huenda bangi ikamsaidia. Mgonjwa hupeleka karatasi hiyo kwa idara ya afya ya jimbo, akasajiliwa na kupewa kadi. Akiwa na kadi anaruhusiwa kuwa na wakia mbili, yaani kama gramu 56.

Na je, sisi wa miaka kumi na sita? Mtoto aliye chini ya miaka 18 anaweza kuipata kadi, ila lazima madaktari wawili wamthibitishe, na mzazi akubali na awe ndiye msimamizi wa dawa hiyo. Mwaka 2016 bunge la Colorado lilipitisha sheria ya kuzitaka shule zimruhusu mzazi aje ampe mtoto mgonjwa dawa yake shuleni. Kabla hujafurahi, jua kwamba ya kuvuta hairuhusiwi hapo. Ni mafuta, vidonge na kadhalika, na wengi wanaohusika ni watoto wa kifafa kikali. Aidha, mwaka 2021 bunge hilohilo lilibana zaidi. Mwenye kadi wa miaka 18 hadi 20 asiuziwe zaidi ya gramu 2 za bangi iliyokolezwa kwa siku, ilhali aliyemzidi umri anaweza kuuziwa 8. Walioiweka sheria hiyo walikuwa wakiwafikiria vijana kama sisi.

Mlango wa pili, wa starehe, ulikuja baadaye kwa Marekebisho ya 64. Yalipigiwa kura Novemba 2012 na kupita kwa takriban asilimia 55. Maduka yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014. Hapa hakuna daktari wala kadi ya wagonjwa, ila lazima mnunuzi awe ametimiza miaka 21 na aonyeshe kitambulisho. Kiwango kilikuwa wakia moja hadi 2021 kilipoongezwa kuwa mbili. Mtu anaweza kupanda miche sita nyumbani, isizidi mitatu inayotoa maua, tena mahali palipofungwa kwa kufuli. Kuvuta hadharani ni kosa. Kuendesha gari ukiwa umelewa bangi ni kosa pia, na ikipatikana nanogramu 5 za kile kilevi chake katika kila mililita ya damu, mahakama inaruhusiwa kuchukulia kwamba ulikuwa umelewa. Kadi ya mgonjwa haikuokoi hapo. Hata miji ina haki ya kukataa maduka: Colorado Springs ilikataa ya starehe kwa miaka zaidi ya kumi, hadi wapiga kura wake walipokubali Novemba 2024.

Pengine mtauliza kwa nini mtu ahangaike na kadi kama mlango wa pili uko wazi. Jibu moja ni pesa. Anayenunua kwa starehe hutozwa kodi maalumu ya jimbo ya asilimia 15 dukani, mgonjwa haitozwi. Kuna pia ushuru mwingine kwa bei ya jumla, na Marekebisho ya 64 yalisema dola milioni 40 za kwanza za ushuru huo kila mwaka ziende kujenga shule. (Sisi tunaochanga pesa za madawati tunaweza kuguna kidogo hapo.)

Sasa nifike kwenye kesi iliyonifungua macho. Brandon Coats ni mtu wa Colorado ambaye amekuwa katika kiti cha magurudumu tangu ujana wake. Misuli yake hukakamaa na kumtesa, kwa hivyo alikuwa na kadi ya bangi ya tiba, akiitumia nyumbani baada ya kazi. Kazi yake ilikuwa kujibu simu za wateja wa kampuni ya Dish Network. Mwaka 2010 alipimwa, bangi ikaonekana, akafutwa. Hakushtakiwa kuwa alifika kazini amelewa. Coats alienda mahakamani akitegemea sheria ya jimbo inayomkataza mwajiri kumfuta mtu kwa jambo la halali alilolifanya nje ya saa za kazi. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Colorado, ambayo iliamua Juni 2015. Kesi nzima ilisimama juu ya neno moja, "halali". Halali kwa sheria ipi? Majaji walisema jambo ni halali pale tu linaporuhusiwa na sheria zote mbili, ya jimbo na ya serikali kuu. Coats akashindwa. Mimi naona ni uamuzi mchungu kwa mgonjwa ambaye alifuata kila sharti, lakini siwezi kusema majaji waliisoma sheria vibaya.

Je, serikali kuu hailegezi? Imelegeza kidogo, na hasa upande wa tiba. Desemba 2014 Bunge la Marekani liliikataza Wizara ya Sheria kutumia pesa zake kuzuia mipango ya bangi ya tiba ya majimbo. Starehe haikutajwa. Mwaka 2024 wizara hiyo ilipendekeza bangi ihamishwe hadi orodha ya tatu. Wengine walishangilia wakidhani yamekwisha, kumbe orodha ya tatu ni ya dawa zinazotolewa kwa cheti cha daktari. Duka la starehe haliwi halali kwa kuhamisha orodha.

Anayeumia zaidi katikati ya sheria hizi mbili ni mgeni. Mambo ya viza na uraia ni ya serikali kuu peke yake, jimbo halina neno. Mwaka 2019 idara ya uhamiaji na uraia ilitoa mwongozo kwamba kuhusika na bangi kunaweza kumnyima mtu uraia hata kama jimbo lake linaruhusu. Mwezi huohuo wa Aprili, meya wa Denver wakati huo, Michael Hancock, alimwandikia Mwanasheria Mkuu wa Marekani kuhusu wakazi wawili waliokataliwa uraia. Walikuwa wamefanya kazi katika biashara ya bangi yenye leseni, wakilipa kodi kama kawaida.

Shangazi anaijua habari hiyo vizuri. Yeye huwatunza wazee, kazi ya kuinua watu usiku kucha, na mgongo wake unalalamika. Jirani alimwambia kuna duka la bangi linalotafuta wa kupakia bidhaa, mshahara mzuri, saa za mchana. Alikataa. Binamu yangu naye ametimiza miaka 21 juzi, na wenzake wa chuo, ambao ni raia, hupanga safari za kwenda mbuga ya Rocky Mountain. Mbuga hiyo ni ardhi ya serikali kuu, bangi ikipatikana humo ruhusa ya Colorado haisaidii kitu. Kwa hiyo shangazi hutoka nje na tochi, akafungua buti, akainua viti na kuangalia chini ya mikeka ya gari la watu. Wenzake humcheka binamu. Shangazi huwaambia, "Chekeni, lakini mimi ndiye nitakayeulizwa."