Bomba likishafika, nani analipa? Somo kutoka Mwanhuzi

Wanachuo wenzangu, yeyote aliyewahi kulipiwa ada yote na bado akalala njaa ameshaelewa nusu ya somo hili. Ada ni hela kubwa, inatoka mara moja, na mara nyingi anailipa mtu mwingine. Chakula ni hela ndogo ya kila siku, nayo ndiyo inayotutesa bumu likiisha. Maji ya mji mdogo nayo yana hela mbili: hela ya kujenga na hela ya kuendesha. Mipango mingi inaijua ya kwanza tu.

Mwanhuzi na shida yake

Mwanhuzi ni makao makuu ya Wilaya ya Meatu, mkoani Simiyu. Ni sehemu kame, na kwa miaka mingi mji umetegemea bwawa la Mwanyahina. Bwawa lina maadui wawili, jua na tope. Jua linakausha maji, na kila mvua inashusha udongo unaopunguza kina.

Kwa nini wasichimbe tu visima virefu? Kwa sababu katika baadhi ya maeneo ya Meatu maji ya chini yana chumvi, au yana floridi kuzidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Floridi nyingi huharibu meno ya watoto, na ikizidi sana hudhuru mifupa. Ndiyo maana kiangazi utakuta watu wanafukua mchanga wa mto uliokauka kutafuta maji.

Hela ya kujenga

Hii ina milango mitatu. Wa kwanza ni bajeti ya serikali. Wa pili ni Mfuko wa Taifa wa Maji, unaopata shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Yaani kila ukipanda daladala, umechangia kidogo. Wa tatu ni fedha za nje. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha zaidi ya euro milioni 100 kwa mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani Simiyu. Benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW, na serikali yetu nao wanachangia. Mpango ulianza na Busega, Bariadi na Itilima, kisha Maswa na Meatu.

Ziwa halikauki kama bwawa. Lakini umbali unageuka kuwa gharama.

Hela ya kuendesha

Pampu inakula umeme kila siku. Maji yanahitaji dawa, mabomba yanapasuka, mafundi wanataka mshahara. Tazama jirani zetu wa Shinyanga na Kahama. Tangu 2009 wanapata maji ya ziwa kutoka Ihelele, Misungwi, kupitia KASHWASA. Chombo hicho kinaziuzia maji kwa jumla mamlaka za miji, nazo zinawauzia wananchi. Kwa mpangilio huo, maji yanayovuja mtaani ni maji ambayo mji umeshayanunua.

Historia nayo inatuonya. Miaka ya 1970, Uholanzi ilisaidia kuchimba visima vifupi vya pampu za mkono katika Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulijumuisha Meatu. Kazi ilikuwa kubwa, lakini baadaye pampu nyingi zilisimama kwa kukosa vipuri na matengenezo. Hela ya kujenga ilikuwapo. Ya kuendesha haikuwa na mwenyewe.

Tupige hesabu

Namba hizi ni za kujifunzia tu, si takwimu za Mwanhuzi. Tuseme mji una watu 30,000 na unakua kwa asilimia 4 kwa mwaka. Baada ya miaka 15 watakuwa kama 54,000. Kila mmoja akitumia lita 50 kwa siku, zinahitajika uniti 2,700, na uniti moja ni lita 1,000.

Sasa weka uvujaji. Yakipotea maji asilimia 20, lazima uzalishe uniti 3,375. Yakipotea asilimia 30, uniti 3,857. Tofauti ni uniti 482 kila siku, zinazotosha watu zaidi ya 9,600. Kumbe kuziba mabomba ni sawa na kupata chanzo kipya!

Hesabu ya pili inahusu haki. Tuseme mwenye bomba nyumbani analipa shilingi 1,500 kwa uniti. Asiye na bomba ananunua ndoo ya lita 20 kwa shilingi 50. Uniti moja ni ndoo 50, hivyo analipa 2,500. Maskini analipa zaidi, na bado anabeba kichwani.

Basi tufanyeje?

Hoja yangu ni hii: gharama ya kuunganisha nyumba kwa nyumba, pamoja na dira, iingizwe kwenye hela ya kujenga. Bomba kuu likifika mjini halafu kila kaya ikaambiwa ijitafutie hela ya kuvuta maji, wataunganishwa wenye uwezo tu. Wateja watakuwa wachache, mapato madogo, matengenezo yatakwama, na tutarudi kule kule kwenye pampu za Shinyanga. Kaya nyingi zikiunganishwa mapema, bili ndogo za wengi ndizo zitakazolisha pampu.

Wapo watakaosema kitu cha bure hakitunzwi. Sawa, kaya ilipe kidogo kidogo ndani ya bili. Ila isizuiwe mlangoni.

Sisi wa ualimu tuna sababu yetu ya kufuatilia. Wengi wetu tutapangiwa shule za miji kama hii, na mtoto aliyetoka kuchota maji alfajiri ndiye atakayesinzia kipindi cha kwanza.

Maswali ya kujadili

1. Mji wako unapata maji kutoka chanzo gani, na nani analipia umeme wa pampu?
2. Ndoo moja inauzwa shilingi ngapi mtaani kwenu? Zidisha kwa 50, kisha linganisha na bei ya uniti kwenye bili ya mwenye bomba.
3. Ungepewa hela ya kufanya jambo moja tu, ungeongeza chanzo au ungeziba uvujaji? Tetea jibu lako kwa hesabu.