Fungu la Aliyebaki na Mizigo
(Somo kwa jamaa wanaosherehekea mahafali ya ndugu yao. Soma kwanza 1 Samweli 30:9–25.)

Katika Novemba na Desemba vyuo vyetu vingi hufanya mahafali, na katika sharika za Kilimanjaro na Usambara ni vigumu Jumamosi kupita pasipo kualikwa katika nyumba ambayo mtoto wake amehitimu. Twafurahi kualikwa. Wako wazee wasemao kwamba sherehe hizo ni majivuno matupu, nasi hatukubaliani nao. Maana miaka mitatu au minne ya chuo si kazi ndogo, na aliyeimaliza astahili kushangiliwa na watu wa kwao.

Lakini liko jambo tuliloliona mara nyingi, nalo latusumbua. Mhitimu huketi mbele, amevaa joho na kofia yake, nao wageni hujipanga ili kupiga picha naye. Nyuma ya nyumba, penye moshi, yuko dada yake mkubwa, ambaye tangu alfajiri anageuza sufuria za ndizi. Dada huyo alimaliza darasa la saba akakaa, kwa kuwa fedha iliyokuwapo ilimtosha mtoto mmoja tu. Akaenda kuuza sokoni, na faida yake ikawa sare, daftari na nauli ya mdogo wake. Hotuba husomwa, hushukuriwa walimu, hushukuriwa wajomba waliochanga, hata mpiga picha hushukuriwa. Jina la dada halitajwi.

Tena wengine hunong'ona kwamba hakusoma kwa sababu hakuwa na akili. Neno hili si la haki. Ada ya kidato cha kwanza hata cha nne katika shule za serikali iliondolewa mwaka 2016, na ile ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Basi mtoto wa kwanza na kitindamimba wa nyumba moja waweza kuwa wamepita njia mbili mbalimbali: wa kwanza aliukuta mlango umefungwa kwa fedha, wa mwisho akaukuta umefunguliwa.

Sasa tutazame somo letu. Daudi alikuwa na watu 600. Kwenye kijito cha Besori watu 200 walichoka mno, wakabaki na mizigo. Watu 400 wakawafuatia Waamaleki, wakarudi na wake, watoto na nyara nyingi. Ndipo baadhi ya waliokwenda walipotaka wenzao wasipewe nyara. Daudi alikataa, akaagiza mafungu yawe sawa, akaifanya amri hiyo kuwa sheria katika Israeli. Tuuangalie na mstari wa 21, ambao wasomaji wengi huupita haraka: kabla ya ugomvi ule, Daudi mwenyewe aliwakaribia wale waliobaki, akawauliza hali yao. 

Twajua kwamba mfano huu haulingani kila upande. Wale 200 walibaki kwa kuchoka. Dada huyu alibakizwa, wala hakuulizwa. Kwa hiyo deni la nyumba kwake ni kubwa zaidi.

Mtu atauliza, fungu lake ni lipi, na shahada haigawanyiki? Neno mahafali limetoka katika Kiarabu, nalo kwa asili ni makutano ya watu. Na shahada ni ushuhuda. Basi ushuhuda na utolewe mbele ya makutano. Wachagga wajua kwamba katika mbuzi aliyechinjwa kila sehemu ina mwenyewe, na mtu huitambua heshima yake kwa nyama aliyokabidhiwa. Ndafu isikatwe mpaka dada ameitwa kutoka jikoni. Mhitimu amlishe kwanza kwa mkono wake, akiwaeleza wageni alilotendewa. Ndizi zikiungua kidogo, si neno.

Kwa kamati za michango twaongeza haya. Mhitimu aliyesomeshwa kwa Bodi ya Mikopo hutoka chuoni na deni, na sheria iliyobadilishwa mwaka 2016 iliweka makato ya 15 katika kila mia ya mshahara wake. Na mshahara wenyewe mara nyingi haujapatikana. Kukopa tena kwa ajili ya turubai na muziki, hali mtoto wa yule dada hana viatu vya shule, ni kugawa nyara vibaya.

Wala dada mwenyewe hajapitwa na wakati. Asiyepata kusoma sekondari aweza kufanya Mtihani wa Maarifa, na akifaulu, aweza kujiandikisha kwa mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Mhitimu anayengoja ajira ana jioni nyingi mikononi mwake. Aweza kuanza kumfundisha dada yake hesabu Jumatatu ile ile, viti na sahani za kuazima zikiisha kurudishwa.